Shika Futi, Twende Shambani

Mwaka wa ngapi sasa?

Mwaka wa ngapi unasema unatafuta trekta? Ekari zako 20 ziko pale pale, iwe ni Mkuranga, Handeni au Kilosa, na kila ukitoka shambani unarudi mjini na neno lile lile: bado nachagua. Masika yamekula barabara yako. Maji yamechimba ubavuni mwa kalvati hadi bomba liko wazi. Kichaka ulichofyeka mwaka juzi kimerudi na nduguze. Msingi wa nyumba umeota majani, na kati ya majani hayo kuku wa jirani wanataga.

Na wewe bado unachagua.

Hujachagua! Umeangalia picha.

Kuchagua trekta ni kazi ya miguu na kalamu. Liko wapi daftari lako? Barabara kutoka lami hadi getini ni mita ngapi? Bonde la kuvuka ni la kina gani? Mchanga uko umbali gani? Bwawa unalotaka kuchimba ni la maji kiasi gani? Huna jibu hata moja, halafu unaniuliza kama uchukue jekundu au la bluu?

Shika futi. Nenda ukapime.

Nikupe mfano mmoja uone kalamu inavyoamka. Unataka kujenga nyumba na banda, tuseme tofali 2,000 za inchi 6. Tofali moja la saruji lisilo na tundu linapita kilo 25. Zidisha. Hizo ni zaidi ya tani 50 zinazongoja kusogezwa, na hujahesabu mchanga wala maji. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ni kama tani moja na nusu. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima. Sasa umeanza kuona. Kwako wewe, plau si kazi ya kwanza. Kazi ya kwanza ni tela. Na tela la tani 5 likishuka mlima halijali trekta lina nguvu kiasi gani za kuvuta, linajali breki na uzito wa trekta lililo mbele yake. Dogo jepesi litasukumwa kama mtoto na ng'ombe.

Umeona? Umeandika mistari mitatu tu, na nusu ya matrekta uliyokuwa unayaota yameshajiondoa yenyewe.

Waliokuja na nguvu bila kupima tunawajua, na hapa hapa kwetu. Mwaka 1947 Waingereza waliingia Kongwa na mradi wa karanga. Hela walikuwa nazo. Mashine walikuwa nazo, mpaka vifaru vya Sherman vya vita vikageuzwa kuwa matrekta ya kung'olea visiki. Nani angeshindana na kifaru? Udongo. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, mvua ikikatika unakaza kama sakafu ya zege, karanga zinabaki ndani na hazitoki. Mchanga wake ukayasaga majembe ya chuma. Mibuyu na mizizi ikavunja kilichobaki. Wagogo waliolima na kufuga pale waliijua vizuri mvua ya kwao ilivyo na hila, lakini mpango ulikuwa umeshachorwa mbali. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamezama kwenye vumbi.

Hawakukosa nguvu. Hawakuuliza ardhi.

Wewe ardhi yako umeiuliza lini? Chimba shimo la goti kabla ya mvua, chimba jingine baada ya mvua. Udongo wako ukiwa mweusi wa mbuga, ule unaonata kwenye buti mpaka mguu unakuwa mzito, basi trekta la kusukumwa na magurudumu mawili litakulaza njiani kila masika, na hapo magurudumu manne si anasa. Ukiwa na kichanga kikavu cha Pwani na tambarare, mawili yanatosha kwa kazi nyingi, na hela iliyobaki inunue tela. Mteremko je? Kama shamba lako limelala ubavuni mwa mlima, tafuta lenye tairi zilizotanuka na fremu ya chuma juu ya kiti. Trekta likipinduka halikupi nafasi ya kuruka. Hiyo fremu haina mjadala, na mkanda ufunge.

Sasa ngoja nikae kidogo kwenye kijiko cha mbele, maana kwa mtu anayejenga ndicho kinachoamua kila kitu.

Kijiko cha nusu mita ya ujazo kikijaa mchanga kimebeba kama kilo 800, na kilo zote hizo zinaning'inia mbele ya tairi ndogo. Nyuma kunakuwa kwepesi. Tairi kubwa zinakanyaga hewa, usukani unakuwa mgumu, na ukikata kona kijiko kikiwa juu umejitafutia msiba. Kwa hiyo usiulize nguvu za farasi ngapi peke yake. Uliza: linanyanyua kilo ngapi kwa kijiko, na hadi urefu gani? Tela lako kimo chake ni kipi? Ekseli ya mbele ni nene? Nyuma ninaning'iniza nini cha kusawazisha? Pipa la lita 200 lililojazwa zege linakaribia nusu tani, fundi wa kijijini anakutengenezea na ndoano tatu za kukamata mikono mitatu ya nyuma. Kisha kaa kwenye kiti uhesabu: kazi ya kijiko ni mbele, nyuma, mbele, nyuma, mamia ya safari kwa siku. Trekta lenye wenzo mmoja wa kubadili mbele na nyuma bila kuhangaika na gia litakuokolea goti na klachi.

Na nguvu? Kwa barabara ya getini, tela, kijiko na kufyeka, wengi wenye ekari kama zako wanamaliza kazi na farasi 50 hadi 75. Ukizidi hapo niambie ni mstari gani wa daftari umekutuma. Chini ya hapo pia inawezekana, kama bustani ndiyo kazi kubwa.

Jina la trekta? Nenda stendi ya mji ulio karibu na shamba, uliza mafundi watatu: mnafungua injini ya nani mara nyingi, na spea zake mnazipata wapi? Kama jibu ni Massey Ferguson, jibu ni hilo. Kama ni New Holland au Swaraj, ni hilo. Trekta ambalo pampu yake ya hidroliki lazima itoke ng'ambo litalala chini ya mwembe msimu mzima wakati vuli inapita.

Hela huna? Sawa. Una majirani wawili? Wana barabara mbovu kama yako? Wamewahi kukusikia ukisema "tuungane" kwa sauti, au unalisema moyoni tu? Na kama daftari linasema kazi yako ni ya siku 10 kwa mwaka, kodi! Usione haya. Kodi kesho, simama pembeni, tazama dereva anavyosawazisha njia kwa bledi, muulize, panda, jaribu.

Hujui mashine? Nani alizaliwa anajua? Dereva wa tingatinga unayemwona barabarani naye kuna siku alizima injini mara sita mbele za watu. Akawasha ya saba.

Mimi la kwanza nilinunua rangi. Nilifika saa nne asubuhi, muuzaji akageuza ufunguo mara moja, injini ikanguruma, moyo wangu ukanguruma nayo. Sikujua kwamba walikuwa wameliwasha tangu alfajiri. Wiki ya pili asubuhi ya baridi halikuwaka kabisa, na mikono ya nyuma ilikuwa inashuka yenyewe taratibu huku bledi ikiwa imebebwa. Nililipa ada hiyo ili wewe usiilipe.

Kwa hiyo Jumamosi hii. Si mwezi ujao, si baada ya sikukuu, Jumamosi hii, maana vuli haitakupigia simu kabla ya kuja. Pima barabara Ijumaa jioni, andika, lala mapema. Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, geuka uondoke. Nyanyua plau kwa hidroliki, zima injini, hesabu dakika 10, tazama kama imezama. Tikisa gurudumu la mbele kwa mikono miwili usikilize linavyolegea. Angalia kama shafti ya nyuma ina kifuniko chake, kwa sababu inazunguka mara 540 kwa dakika, mara 9 kila sekunde, na ncha ya kanga ikigusa pale hakuna atakayewahi kuzima.

Lakini kabla ya hayo yote, fika mapema kuliko ulivyosema utafika. Msalimie muuzaji vizuri. Usitazame rangi. Nenda moja kwa moja ubavuni mwa trekta, fungua kiganja, ukiweke juu ya injini.

Ya baridi?

Mwambie awashe.