Panga la Mwenyewe

Wajukuu zangu,

Januari 2025, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Biharamulo, mkoani kwetu, mmoja wenu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam kunijulia hali. Nikamwambia ajihadhari. Akanijibu kwa upole, "Babu, hiyo iko huko kwenu. Huku ni mbali."

Usiku ule sikulala vizuri. Neno hilo "mbali" nilianza kulisikia hapa Kagera kabla wazazi wenu hawajaota ndevu, na kila lilipotamkwa, nyuma yake nilisikia jembe likichimba kaburi.

Nisikilizeni, wanangu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini mwetu waligunduliwa mkoani humu. Jina la ukimwi bado hatukuwa nalo. Tuliuita Juliana, jina la nguo za magendo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda baada ya vita kati ya nchi zetu mbili. Wengine walisema ni uchawi: mfanyabiashara wa ng'ambo amedhulumiwa mali yake, sasa analipiza. Mnaona tulichokifanya? Tuliuvisha ugonjwa nguo ya mgeni. Ukawa wa wavusha magendo, wa madereva wa malori, wa watu wa mpakani. Mimi nilikuwa na kahawa yangu na migomba yangu, sijawahi kuvusha hata leso. Nikajiona niko salama.

Kisha tukaanza kuangalia miili. Mwembamba tulimkimbia, mnene tulimposa. Vijana walichagua wachumba kwa mashavu! Kumbe kirusi kile kinaweza kukaa ndani ya mtu miaka mingi, naye anacheka, anacheza ngoma, ngozi inang'aa. Yule aliyekwisha kukonda hatukumkaribia tena. Aliyetuambukiza ni yule tuliyemsifia afya yake.

Baadhi yenu mnawajua baba zenu kwa picha iliyo ukutani tu. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Wakati huo wanangu wawili nilikwishawalaza chini ya migomba, na bibi yenu alikuwa anawalea ninyi, watoto saba, kwa mgongo uliokwisha kuchoka.

Sisemi haya kuwaliza. Nasema kwa sababu nilichokuja kukielewa nilikielewa baadaye, tena shambani.

Katikati ya miaka ya 2000 mnyauko wa migomba uliingia mkoa huu. Mnaukumbuka ninyi mliokuwa wakubwa: majani yananyong'onyea kama yamemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukikata ile ambayo ganda lake bado kijani, ndani imeoza. Nikalinda shamba langu kwa hasira. Sikuruhusu miche ya mtu. Sikuruhusu jirani apite na panga lake. Na shamba likaendelea kufa.

Bwana shamba akaja, akaniuliza, "Mzee, panga unalopunguzia majani unalichoma moto ukitoka shina moja kwenda jingine?" Nikanyamaza. Mimi ndiye niliyekuwa nautembeza ugonjwa, shina kwa shina, kila asubuhi, kwa panga langu, kwa mkono ule ule uliokuwa ukiitunza migomba. Tangu siku ile nina methali yangu: mgomba hauuawi na panga la mwizi, unauawa na panga la mwenyewe.

Basi ikaja korona. Machi 2020 mgonjwa wa kwanza akatangazwa Arusha, na mliogopa vizuri. Ndoo ya maji na sabuni kila mlango wa duka, barakoa hadi kwa muuza senene. Lakini mlimwogopa nani? Mzungu aliyeshuka kwenye ndege. Abiria mliyekaa naye kiti kimoja. Kwenye basi barakoa juu. Mkifika nyumbani barakoa mfukoni, mnakumbatiana, mnakula sinia moja, mnapokezana kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. "Hawa ni wetu." Nilikaa kwenye msiba mmoja nikaona watu wananawa mikono getini kwa utaratibu mzuri kabisa, kisha wanakwenda kubanana ndani ya chumba kimoja dirisha limefungwa, wanakohoa na kulia pamoja.

Mwanzoni mwa Mei takwimu zikakoma kutolewa, zikiwa zimefika wagonjwa 509 na vifo 21. Ndoo zikakauka. Hakuna aliyetuambia tuzikaushe. Zilikauka zenyewe, siku kwa siku, kwa sababu hofu ni mgeni wa siku tatu na maradhi ni mpangaji. Mwanzoni mwa 2021 tulizika watu kwa "changamoto ya upumuaji", na ndoo bado zilikuwa zimegeuzwa matako juu.

Na mvuke tuliojifukiza dhidi ya korona, wanangu. Siupingi. Nami nilijifunika blanketi na mwarobaini na mchaichai, nikatoka nimelowa. Ninachowasihi ni hiki: ukishajifukiza usijione umevaa ngao. Rafiki yangu wa tangu ujana alijifukiza asubuhi akaenda harusini jioni kwa kuwa alijifukiza asubuhi. Mvuke haukumdhuru. Ujasiri ndio uliomdhuru. Chanjo ilipokuja nilichanjwa, na bado nilikaa dirishani kwenye hewa.

Kuhusu Marburg nawasihi zaidi ya yote. Machi 2023 ilitangazwa hapa Bukoba Vijijini; watu 9 waliugua, 6 wakafa. Walikuwa akina nani? Ndugu waliomuuguza ndugu yao, na watumishi wa afya waliomhudumia. Ugonjwa ule hupita kwenye damu, matapishi, jasho, na kwenye mwili wa marehemu anapooshwa. Asiyekupenda haambukizwi nawe, hatakusogelea. Atakayeugua ni mama yako, kwa sababu atakufuta uso kwa mkono mtupu.

Kwa hiyo msiniulize ugonjwa uko wapi. Niulizeni mnamgusa nani. Ukiwa na homa na kutapika, usimwite dada yako aje akushike kichwa. Piga 199, ni bure, waje wenye glavu. Ndugu akifa kwa ugonjwa usioeleweka, msimwoshe ninyi. Najua uchungu wake. Nimewaosha wanangu kwa mikono yangu, na najua kumwacha mtoto wako aoshwe na mtu aliyevaa kama mwanaanga ni kama kumkana. Nawasihi, lieni mkiwa mbali naye. Lieni sana, lakini mbali.

Na Desemba hii mkija nyumbani, mwenye kikohozi anipigie simu angali stendi. Asione haya, wala asidhani nitamkataa. Nitamwekea kiti nje chini ya mparachichi, blanketi begani kwa sababu ya baridi ya jioni, na chai yake kwenye kikombe chake peke yake. Mimi nitakaa barazani. Sauti yangu bado ina nguvu, tutasikilizana.