Papa Asiyeonekana

Pesa nyingi zikiingia kwenye filamu, hofu hutokea mlango wa uani. Mimi si mhakiki; nalipa kiingilio, nanunua bisi, nakaa. Lakini kila Hollywood inapobomoa jiji zima mbele ya macho yangu, maghorofa yakimeguka kama biskuti iliyolowa chai, najikuta nimeinamia mfuko, nachakura zile bisi zenye chumvi zilizobaki chini. Jiji lote limeteketea, nami sina hata mtu mmoja wa kumlilia.

Mwaka 1975 Steven Spielberg alitutisha kwa kukosa. Papa wa mitambo aliyetengenezewa filamu ya Jaws alikuwa akiharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, ikabidi afichwe. Basi tukaonyeshwa pezi, tukasikilizishwa muziki wa noti mbili, tukaonyeshwa mapipa ya njano yakiburutwa baharini na kitu tusichokiona. Yale mapipa bado yananitia baridi, na ni mapipa tu! Siku hizi kompyuta haijui kutu, kwa hiyo papa angetokeza dakika ya kwanza, meno yote nje, tukamzoea kabla bisi hazijapoa.

Nakiri, Titanic ya 1997 ilikula takriban dola milioni 200 na bado nililia. Ila sikuililia meli.