Chuma Cheusi Hakionyeshi Moto Wake

Kiganja changu cha kulia kina kovu lililonyooka kama limepigwa rula. Nililipata mwaka 1986, nikiwa kijana wa miaka 20, msaidizi wa jikoni katika hoteli moja ya kitalii kusini mwa Mombasa. Mpishi alikitoa kikaango cha chuma ndani ya oveni, akakitua juu ya meza ya kazi, akaitwa, akaenda. Nikapita mimi. Nikakiona kimekaa pale, cheusi, kimya, sawasawa na wenzake waliotundikwa ukutani. Nikakishika mkono ili nikirudishe mahali pake. Vidole viliachia vyenyewe, lakini ngozi ilibaki kwenye chuma.

Wajukuu zangu, siku hizi naviona vikaango hivi majumbani mwenu. Vizito, vyenye matuta kama shamba la viazi, mnavinunua madukani au mnaletewa na wajomba walioko Marekani, mnachomea steki na mboga juu ya gesi huko ghorofani. Nimefurahi, maana ni chombo cha maana na kikitunzwa mtawarithisha watoto. Ila ninyi mmelelewa na sufuria, na sufuria haijui kumfundisha mtu chuma. Mkaa ukikolea huwa mwekundu, hata mtoto anayetambaa huuogopa. Chuma hiki ni cheusi kikiwa baridi, na ni cheusi vilevile kikifika nyuzi 250. Makosa karibu yote ninayoyaona kwenu yametoka hapo: mtu amekitazama chuma, akayaamini macho yake.

Kosa la kwanza ni kudhani kimepata moto wakati bado. Chuma cha kusubu ni chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa ndani ya kalibu ya mchanga. Ndivyo wafanyavyo Lodge, kiwanda kilichoanza mwaka 1896 katika mji mdogo wa South Pittsburg, jimbo la Tennessee. Chuma cha namna hii hushika joto jingi kwa sababu ni kinene na kizito, lakini hulisafirisha polepole. Aluminiamu ya sufuria zenu hulipitisha kwa kasi ya takriban mara nne. Ndiyo maana ukiwasha gesi kwa nguvu, pale katikati penye duara la moto panaungua, na huku pembeni bado pamepoa. Kijana ana haraka, ana njaa, anahesabu dakika mbili, anatupa nyama. Nyama inalia kidogo, kisha inanyamaza. Inatoa maji, inatokota ndani ya maji yake, inageuka rangi ya majivu. Halafu bucha analaumiwa.

Weka moto wa wastani, ukipe chuma dakika 10, na kila baada ya muda kizungushe ili moto ufike pembeni. Kisha kiulize kwa tone la maji. Tone likitulia likachemka taratibu, bado. Likichacharika na kutoweka papo hapo, umekaribia. Likijikunja kama ushanga na kukimbia huku na huku, chuma kiko tayari. Hilo ndilo jicho lako, kwa kuwa ulilozaliwa nalo halioni kitu hapa.

Nyama nayo ina adabu zake. Chukua sarara au mnofu wa mbavuni, unene wa vidole viwili, si vile vipande vyembamba vya kukaangia vitunguu. Ipake chumvi tangu asubuhi, au kabisa usiku wa jana, uiache kwenye jokofu bila kuifunika. Kabla ya kuipika ikaushe kwa kitambaa mpaka kitambaa kitoke kikavu. Umaji wowote uliobaki juu ya nyama utaiba joto la chuma kwa ajili ya kujigeuza mvuke, na nyama haitapata ile rangi ya kahawia ambayo ndiyo ladha yenyewe. Mafuta yapake kwenye nyama, usiyamwage kwenye kikaango. Ukiyamwaga yatatuama kwenye mifereji kati ya tuta na tuta, mahali ambapo nyama haigusi, yataungua bure na kuijaza nyumba moshi mchungu.

Mtaambiwa kwamba moto mkali huziba nyama ili maji yasitoke. Hata mimi niliambiwa hivyo, na nikawaambia wengine kwa miaka mingi. Mkemia wa Kijerumani, Justus von Liebig, aliyaeneza mawazo hayo katika karne ya 19, na si kweli. Sikilizeni nyama ikiwa juu ya chuma: ule mlio wote ni maji yanayotoka. Tunaichoma kwa moto mkali kwa sababu ya ladha na harufu, basi. Ukilijua hilo utaacha woga wa kuigeuza. Igeuze kila dakika moja au mbili, itaiva kwa usawa zaidi. Lakini ikiwa imegandamana, usiing'ang'anie kwa koleo. Ngoja. Ikishapata rangi huachia yenyewe.

Na niseme jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Matuta yanapendeza kwa ile mistari, na mafuta ya nyama hutiririka chini yake. Lakini nyama inaguswa na chuma kwenye mistari tu, kwingine haipati ile rangi. Mimi steki yangu naipika kwenye kikaango bapa, cha chuma hichohicho. Cha matuta nakiweka kwa ajili ya mboga.

Nje ya nyama huwezi kuujua undani wake, kama usivyoweza kukijua chuma kwa kukitazama. Nunueni kipimajoto cha kuchoma nyama. Wizara ya Kilimo ya Marekani inaagiza steki ifike nyuzi 63 ndani, kisha ipumzishwe dakika 3. Nyama ya kusaga nyuzi 71. Kuku nyuzi 74. Najua kuna wanaoipenda ikiwa nyekundu, inavuja. Hotelini niliwapikia hivyo maelfu ya wageni. Lakini kwetu ng'ombe wengi hulisha mahali ambapo si kila nyumba ina choo, na mayai ya tegu anayoyala ng'ombe malishoni humwingia mnofuni yakawa vivimbe vidogo ambavyo huvioni kwa haraka ya kukata. Nyama ambayo haikupigwa mhuri wa mkaguzi isiliwe nusu-mbichi. Hapa sina mzaha na mjukuu yeyote.

Mboga zinataka subira kidogo na nafasi nyingi. Bilinganya likate unene wa kidole, pilipili hoho uipasue vipande vipana, kitunguu ukikate duara na ukichome kijiti cha meno ubavuni kisisambaratike. Karoti ichemshe kidogo kwanza. Usizirundike, mboga zikibanana hutoa jasho, zikapikika kwa mvuke, na huo mvuke ungeupata kwenye sufuria. Hindi bichi lililokatwa mapande, likizungushwa polepole juu ya matuta, linatoa harufu ileile ya mahindi ya barabarani jioni. Nyanya na ndimu zingoje sahani. Ukali wake hula ile ngozi nyeusi ya mafuta iliyokilinda chuma, na chakula kikaja na ladha ya misumari.

Sasa niwaambie kosa la pili, lile lililonifanya nishike kalamu. Mwaka jana nilikwenda Nairobi kwa mjukuu wangu wa kike, ghorofa ya nne. Alinipikia steki, na aliipika vizuri sana. Akazima gesi, akatuandalia meza, tukala kidogo, akaona avioshe vyombo kabla mafuta hayajaganda. Kikaango kilikuwa kimekaa pale juu ya jiko, gesi imezimwa, cheusi na kimya. Alikishika kwa kitambaa, hilo alilijua, akakiweka chini ya bomba. Tulisikia mlio mmoja mkavu kama tawi linavyovunjika. Mvuke ulimpiga mkononi, na kikaango kilikuwa na ufa kutoka ukingoni hadi katikati. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi kuliko chuma cha kawaida, asilimia 2 hadi 4, na hiyo hukifanya kigumu lakini chepesi kupasuka. Upande uliopigwa na maji baridi ulijikunja, upande wa pili ulikuwa bado umetanuka kwa joto, kikakosa pa kwenda.

Alikimbilia dawa ya meno ajipake. Nikamshika. Ukiungua, weka mkono chini ya maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala siagi, wala asali, wala usiweke barafu. Mwaka 1986 mimi walinipaka siagi, na naamini bila siagi hiyo kovu hili lisingekuwa hivi.

Chuma kikizimwa hakijapoa. Kinaendelea kupika, kwa hiyo nyama itoe uiweke kwenye ubao mara inapoiva, usiiache humo. Kinaendelea kuunguza, kwa hiyo mkono wake uelekee ukutani, mbali na watoto. Kiacheni mpaka kiwe vuguvugu, kisafisheni kwa maji ya moto na brashi, sabuni kidogo haikidhuru, kisha kirudisheni motoni kikauke kabisa na kifutwe kwa mafuta machache sana, kama ya kupaka midomo. Bibi yenu alikuwa na chuma cha chapati alichopewa alipoolewa. Sikuwahi kumwona akikisugua kwa waya hata siku moja, na chapati haikuwahi kunata.

Mpikapo fungueni madirisha. Mafuta yakishika moto, zima gesi, funika kwa mfuniko, na maji yasikaribie. Na kama gesi imekwisha, mtu asikuambie uingize jiko la mkaa ndani ya chumba ili umalizie nyama yako. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo imeua familia nzima zilizolala na mlango umefungwa. Nimekwenda maziko ya namna hiyo. Majeneza yalikuwa matatu.

Baada ya kuungua kwangu, mpishi mmoja mzee pale hotelini alinifundisha dawa yake. Kila alipotoa kikaango motoni, alichovya vidole kwenye unga wa ngano akanyunyiza kidogo juu ya mkono wa chuma. Yeyote aliyepita akiona weupe juu ya weusi alijua asiguse. Nilimweleza mjukuu wangu siku ile, mkono wake ukiwa bado chini ya bomba. Kikaango kingine amekinunua. Aliponipigia simu ya video juzi, nilikiona nyuma yake juu ya jiko, na mkono wa chuma ulikuwa mweupe kwa unga.