Kimya cha Aliyefungwa Kinywa

Lupiro, ng'ambo ya Mto Kilombero kwa atokaye Ifakara, ni nchi ya mpunga. Huko nilipata kusimama juu ya tuta, nikiwatazama maksai wawili wakivuta plau. Nira ilikuwa shingoni mwao na kamba katika pembe, bali vinywa vyao vilikuwa huru. Mmoja alipochoka hakuficha: alitoa ulimi, akadondosha mate, akaguna, hata mwisho akalala katika mfuo. Mwenyewe aliinua fimbo, akasita, kisha akawafungua wote wawili. Sisemi kwamba alikuwa na huruma kuliko watu wengine; huenda alihofia hasara tu. Nasema kwamba alikuwa amekwisha kuambiwa, na baada ya hapo asingeweza kudai kuwa hakujua.

Farasi si mnyama wa bonde lile; tangu enzi mbung'o walimkatalia. Lakini maksai yule hunijia kila nisomapo habari za ukanda wa pua katika michezo ya farasi huko Ulaya. Ukanda huo huzunguka pua na taya, ukafungwa kwa bizimu. Asili yake haina ubaya. Ubaya huja unapokazwa hata farasi, mwenye lijamu la chuma juu ya ulimi, asiweze kufungua kinywa. Katika mashindano ya mwendo wa madaha, kinywa kilicho wazi humpunguzia mpandaji alama, kwa kuwa ni dalili ya farasi kuukataa mkono unaomwongoza. Basi mpandaji ana njia mbili: kuulegeza mkono wake, au kukifunga kinywa. Njia ya pili ni nyepesi.

Kanuni ya zamani yataka vidole viwili vipite kati ya ukanda na mfupa wa pua. Watafiti waliowapima farasi 750 katika mashindano ya Ireland, Uingereza na Ubelgiji, wakatangaza matokeo mwaka 2017, waliwakuta asilimia 44 hawana nafasi hata ya kidole kimoja. Waliotimiza kanuni walikuwa asilimia 7 tu. Utafiti mwingine, wa mwaka 2016, ulihusu farasi 12. Ukanda ulipokazwa kabisa, mapigo ya moyo yaliongezeka na kutafuna kukapungua. Ulipofunguliwa, walipiga miayo, wakameza na kujilamba kuliko kawaida, mithili ya mtu anayelipwa deni lake. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi lilianza kutumia kifaa maalumu cha kupimia nafasi hiyo, maana vidole kila mtu ana vyake.

Swali langu, hata hivyo, si la sentimita. Je, kimya cha aliyefungwa kinywa ni utulivu?

Watasema wapandaji: farasi ana nguvu, pasipo kudhibitiwa ataua mtu. Ni kweli, nami sipingi hatamu. Sisi watunzi twajua kwamba kizuizi si adui. Vina na mizani hutubana, na katika kubanwa huko sauti hupata nguvu. Lakini mizani haijapata kumnyima mtunzi kusema kwamba anaumia. Hapo ndipo ulipo mpaka. Hatamu humwambia mnyama pa kwenda. Ukanda uliokazwa humnyima kujibu, kisha majaji hukipa kimya chake alama. Dhuluma ya kwanza ni maumivu. Ya pili, nami naiona kubwa zaidi, ni kuufuta ushahidi. Mwenye kuumiza akaona, aweza kutubu. Mwenye kuumiza akajizibia njia ya kuona, atatubia nini?

Tumesimuliwa tangu chuoni habari za ngamia aliyemlilia Mtume katika bustani ya mmoja wa Ansari. Mtume alimpangusa nyuma ya masikio, akamtafuta mwenyewe, akamkemea kwa kumtia njaa na kumchosha. Kisa hicho kina sharti ambalo hatulitaji: ngamia alikuwa na uwezo wa kulia.

Nasi neno hatamu twalitumia kwa utawala pia, wa nchi hata wa nyumba. Basi kipimo na kiwe kimoja: ashikaye hatamu apimwe kwa nafasi aliyoiacha ya kujibiwa.

Ukanda usiubane, pumzi ikakatika,
Nafasi ndani uone, mdomo ukifunguka,
Aliyo nayo anene, kwa ishara kutamka,
Kimya kisichoulizwa, ridhaa hakijafika.