Heliamu Iliyozima Simu

Oktoba 2018, hospitali moja karibu na Chicago, Marekani, ilikuwa ikifunga mashine mpya ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, mara simu za wafanyakazi zikaanza kuzimika. Vifaa vipatavyo 40, vyote vya Apple, vilikufa kwa pamoja. Simu za Android hazikuguswa. Mafundi wakashuku mawimbi ya sumakuumeme kutoka kwenye mashine, lakini mawimbi hayo yangechaguaje baadhi ya simu na kuacha nyingine? Baadaye ikabainika kuwa heliamu ya kupoozea mashine ilivuja na kusambaa jengoni kupitia mfumo wa hewa.

Heliamu haina sumu, haiwaki, haiozeshi chuma. Iliua simu vipi?

Kila simu ina saa ndogo inayopanga mwendo wa kazi zake zote. Katika iPhone za wakati ule, saa hiyo ilitegemea vijiti vya silikoni, vyembamba kuliko unywele, vinavyotetemeka ndani ya kijumba kilichoondolewa hewa. Kitu kikiwa kidogo kiasi hicho, uso wake ni mkubwa mno kwa uzito wake, na kila molekuli ya gesi inayokigonga hukinyang'anya nguvu. Kwake hewa ni tope miguuni mwa mkimbiaji. Oksijeni na naitrojeni haziwezi kupenya kuta za kijumba. Atomu za heliamu, kwa udogo wake, hupita. Zikijaa, mtetemo hulegea, saa hupoteza mwendo, simu husimama.

Sisi wa Iguguno, Singida, tusiione habari hii kuwa ya mbali. Kaskazini mwetu kuna bonde la Eyasi, ambako heliamu imewahi kutafutwa, na ugunduzi wa heliamu huko Rukwa, hapa hapa Tanzania, ulitangazwa mwaka 2016. Heliamu iliyomo katika hewa ya kawaida ni kidogo mno, haidhuru simu. Hatari ipo kwenye mtungi unaovuja ndani ya chumba kilichofungwa, na hapo hata mtu hukosa oksijeni.

Simu nyingi za hospitali ile zilirudi zenyewe baada ya siku kadhaa, heliamu ilipotoka taratibu. Hazikuhitaji betri mpya wala bisibisi.

Kwa hiyo, fundi mwenzangu wa kando ya barabara ya Nzega, ukiletewa simu iliyozimika ghafla, muulize kwanza mwenyewe ilikuwa wapi. Akikutajia heliamu, usiifungue. Iweke penye hewa safi siku kadhaa, kisha ijaribu.