Njia za Vumbi za Morvan

Ufaransa ina zaidi ya kilomita milioni moja za barabara. Hata kijiji cha nyumba kumi na tano, kisicho na duka wala shule, kina lami inayofika hadi mlango wa kanisa. Kwa nini basi mtu aiache lami hiyo, aelekeze baiskeli kwenye njia ya mawe na tope, na aite siku ya namna hiyo siku njema? Swali hili si dogo, na kujibu kwamba ni mazoezi ya mwili hakutoshi.

Baiskeli inayotumika ina usukani uliopinda kwenda chini, wa aina ya mashindano, lakini tairi zake ni pana, za milimita 40 au zaidi. Upepo hujazwa kiasi tu, ili mpira ulale juu ya jiwe badala ya kurushwa nalo. Haikuundwa iwahi popote. Nchi ninayoifikiria hasa ni Morvan, milima midogo yenye misitu katikati ya Bourgogne, kwa sababu ndiko nilikoona kwamba swali lile lina jibu.

Wengi huanzia Vézelay, kijiji kilichokaa mgongoni mwa kilima, na basilika ya Maria Magdalena ikiwa kileleni. Hapo, mwaka 1146, Bernard wa Clairvaux alihubiri akiwaita watu kwenye Vita vya Pili vya Msalaba. Hapo pia mahujaji wa kwenda Santiago de Compostela wamekuwa wakianza safari kwa karne nyingi. Mabasi ya watalii hupanda, picha hupigwa, mabasi hushuka. Basilika inastahili heshima hiyo. Lakini ukishuka kwa baiskeli hadi mto Cure pale Saint-Père na kuendelea kusini, utaanza kuijua nchi kwa mikono kabla hujaijua kwa macho. Karibu na Vézelay ardhi ni ya chokaa. Njia ni nyeupe, vijiwe vyake vinalia kwa sauti kavu chini ya tairi, na vumbi linaganda kwenye mnyororo kama unga. Kisha, bila kibao chochote, usukani unaanza kutetemeka kwa namna nyingine. Chembe za mchanga zimekuwa kubwa, rangi imeingia wekundu, na maji yanachuruzika kila upande wa njia. Umeingia kwenye graniti. Mizabibu imekwisha na malisho yameanza, na nyuma ya seng'enge wamesimama ng'ombe weupe wa Charolais wakikutazama unavyohema.

Graniti hailei ngano vizuri, na umaskini wa Morvan ulitokana kwa sehemu kubwa na jambo hilo. Aliyeuandika kwa makini ni Vauban, mjenzi mkuu wa ngome za Mfalme Louis wa 14. Alizaliwa mwaka 1633 katika kijiji ambacho leo kinaitwa Saint-Léger-Vauban, na mwaka 1675 akanunua kasri la Bazoches, si mbali na hapo. Mwaka 1696 aliandika maelezo ya tarafa ya Vézelay, akihesabu watu, mifugo na mashamba. Akaeleza kwamba wananchi wa kawaida walikula mkate wa shayiri usiotolewa makapi, na nyama waliionja kwa nadra. Mwaka 1707 alitoa kitabu kilichopendekeza kodi ambayo hata wakubwa wangeilipa. Kikapigwa marufuku mwaka huohuo, na mwaka huohuo yeye akafariki. Habari hizi zinasomeka popote. Lakini ukifika Bazoches kwa njia ya msituni, miguu imechoka na tumbo linadai, mkate wa shayiri na makapi yake hauwi tena habari ya kitabuni.

Karibu kila njia ya huko ilichimbwa na shida ya mtu. Kuanzia karne ya 16, kuni za Morvan zilitupwa mitoni zikaelea hadi mto Yonne, zikafungwa mafungu makubwa na kusafirishwa hadi Paris, na mji ule mkuu ukaota moto wa misitu hii kwa zaidi ya miaka 300. Bwawa la Settons, ambako leo familia hukodi mitumbwi wakati wa likizo, lilijengwa kati ya 1854 na 1858 ili maji yafunguliwe kwa wakati yasukume magogo. Njia za kuteremkia mtoni ndizo tunazoteremka sasa tukibana breki.

Kuna mzigo mwingine uliotoka huko, na huo ndio unaonikaa moyoni. Katika karne ya 19 wanawake wa Morvan walikuwa wakienda Paris kunyonyesha watoto wa matajiri. Mama aliyejifungua karibuni alimwacha mwanawe kijijini kwa bibi au kwa jirani, akapeleka maziwa yake mahali yalipolipiwa. Aliporudi na akiba, familia ilijenga nyumba bora zaidi kuliko za majirani, na nyumba hizo ziliitwa maisons de lait, nyumba za maziwa. Upande wa pili, Paris ilituma Morvan yatima wake na watoto waliotelekezwa, walelewe huko kwa malipo. Mwandishi Jean Genet alikuwa mmoja wao, akakulia Alligny-en-Morvan, na leo kijiji hicho kina makumbusho ya wanyonyeshaji na watoto hao. Njia ileile ilimwondoa mama na kumleta mtoto wa mama mwingine.

Hapo dhamiri inaniuliza swali. Kwetu Afrika Mashariki baiskeli kwenye barabara ya moramu ni chombo cha kazi. Imebeba mkaa, mikungu ya ndizi, madumu ya maziwa, na hata mgonjwa aliyefungwa kwa kanga ili asianguke. Bodaboda zenyewe zilianza na baiskeli zilizovusha watu mpakani Busia. Anayesukuma magunia ya mkaa kupanda kilima hatafuti maana ya maisha. Anatafuta ada ya shule. Je, si kejeli kwake kwamba mwingine anachagua kilima hichohicho ajiburudishe?

Nimelifikiria sana. Tofauti ipo, na haifai kufunikwa: mwenye uwezo wa kukiacha kilima hajui uzito wa asiye na uwezo huo. Taabu ya hiari haikufanyi uwe mwenza wa aliyelazimishwa. Inachokupa ni kipimo. Mwili uliopanda kutoka bondeni hadi kijiji cha Quarré-les-Tombes dhidi ya upepo hauwezi tena kusoma kwamba mtu alibeba kuni mlimani ukaipita sentensi hiyo haraka. Na kipimo hicho hakipatikani dirishani mwa gari, kwa sababu gari hukiondoa kilima. Mtu akikipata kisha akawa mwepesi zaidi kumheshimu abebaye, safari yake haikuwa mchezo mtupu.

Maji yakiisha, waendesha baiskeli wa Ufaransa hutafuta makaburi. Karibu kila makaburi ya kijiji yana bomba la kumwagilia maua. Unasukuma geti la chuma, unaegemeza baiskeli ukutani, unajaza chupa katikati ya misalaba. Mara nyingi mnara wa waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia hauko mbali, na kijiji ambacho leo kina watu wachache kina orodha ndefu ya majina, jina moja la ukoo likirudiwa mara mbili au tatu. Huko Dun-les-Places orodha iliongezwa tena Juni 1944, wanajeshi wa Kijerumani walipowapiga risasi wanaume 27. Walikuwa wakiwasaka wapiganaji wa msituni, waliozijua njia hizi kwa giza. Kwa sababu hiyo sipendi kuona mtu akipita Dun-les-Places bila kushuka.

Si kila changarawe ya Morvan ni ya kale. Njia pana na laini kuliko zote, zile tunazozifurahia mno, nyingi zilitengenezwa kwa malori yanayobeba misonobari aina ya Douglas iliyopandwa kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ukitoka kwenye kivuli ghafla unakuta mlima mzima umenyolewa, na wenyeji wanabishana vikali kuhusu ukataji huo. Anayependa njia hizo lazima akubali kwamba zinaishi kwa shoka.

Zilizo hatarini ni zile za zamani. Sheria ya Ufaransa inaziita chemins ruraux. Ni mali ya commune, yaani serikali ya kijiji na meya wake, lakini hazina kinga kamili ya barabara ya lami. Dalili kubwa ya kwamba njia ni ya umma ni kwamba watu wanapita. Wakiacha kupita, jirani akasogeza seng'enge, akalima, akakaa miaka 30 bila kuulizwa, anaweza kwenda mahakamani akaidai iwe yake. Nyingi nyingine zilifutwa serikali ilipounganisha mashamba madogo kuwa makubwa baada ya vita, na vichaka vya mipakani vikang'olewa pamoja nazo.

Nilipoielewa sheria hiyo nilipata jibu nililokuwa nikilitafuta. Kuni haziendi tena Paris na hakuna mama anayeondoka na maziwa yake. Sababu zilizochimba njia zimekufa, na bado njia hazidai zifufuliwe. Zinadai kupitwa tu. Anayepita bila shida yoyote anazishika mahali pa waliopita kwa shida, hadi apatikane mwingine wa kuzihitaji.

Tangu 2022 sheria inairuhusu commune kuorodhesha njia zake, na wakati wa kazi hiyo hesabu ya ile miaka 30 husimamishwa, kwa muda usiozidi miaka miwili. Halmashauri ndogo haina watu wa kukagua kila bonde, hivyo inategemea wanaotembea, wapanda farasi na waendesha baiskeli. Ukikuta seng'enge imekatiza njia ambayo ramani inaionyesha, andika mahali ilipo, piga picha, kisha uipeleke kwa meya siku ambayo ofisi iko wazi.