Subira ya Mti na Subira ya Mtu

Wako kati yetu, sisi watu wa pwani, ambao wakisikia khabari za ukame wa Kajiado husema, "Wamasai na wasubiri, hata mgunga husubiri." Neno hili lataka kupimwa, maana limejengwa juu ya mti ambao msemaji hakuutazama.

Mti hauwezi kuhama. Kwa hivyo tadbiri yake imo mwilini mwake. Ukikosa maji hutoa homoni iitwayo asidi ya absisiki, nayo huvifumba vitundu vya majani na kuziamsha jeni zilizolala, yaani maandishi ya urithi yaliyomo katika kila chembe. Joto likizidi, jeni nyengine hutoa protini za kuzishika nyenziwe zisiharibike. Basi huku si kukaa bure. Ni kazi, tena ya ghali: kitundu kinachofumbwa maji yasitoke ndicho hicho kinachoingiza hewa ya kutengenezea chakula. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani walieleza khabari ya mmea mdogo waliouamrisha kuziamsha jeni za ukame daima. Ulistahimili kiu, walakini ulidumaa hata maji yalipokuwapo. Amri ilipofanywa ije wakati wa shida tu, ulikua karibu sawa na wenziwe.

Sasa tumtazame mfugaji. Tadbiri yake yeye na ng'ombe wake ni miguu. Shamba la pamoja la Kitengela liligawanywa mwaka 1988. Kisha vipande vikauzwa, zikasimama nyua na majumba. Misimu mitano ya mvua ilipokosa, tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022, ng'ombe wengi walikufa Kajiado. Aliyezibiwa njia aambiwa asubiri kama mti. Je, amepewa mizizi ya mti? Na subira isiyo kikomo, mmea wenyewe haukuiweza bila ya kudumaa.

Mtu atanijibu kuwa Wamasai wenyewe walitaka hati, na wenyewe waliuza. Ni kweli kwa wengi wao. Lakini mwenye kuuza ekari zake hakuuza njia ya jirani yake, wala mnunuzi hakuilipia. Wala si kwamba hapakuwa na jengine la kufanya: mwaka 2000 ulianza huko Kitengela mpango wa kuwalipa wenye ardhi kwa kila ekari wasiyoizungushia ua, wanyama wa porini na mifugo wapate kupita.